Risasi Yenye Tundu

"Wewe Mwanamkasi, hiyo kazi yako ya kuulizauliza watu, hivi huwa wanakujibu?"

Aliyeuliza hivyo ni jirani yake wa Pangani, mama mmoja muuza vitumbua, zamani hizo Mwanamkasi bado anavaa gwanda la polisi. Siku ile alicheka tu, akanunua vitumbua vyake akaenda zake. Sasa yuko Dubai, kwenye kampuni ya ulinzi, meza ya upelelezi, na swali lile humrudia kila anapokaa mbele ya mtu anayejibu jingine kabisa na lile aliloulizwa. Leo lilimrudia kabla hata hajapewa maji ya kunywa.

"Sikukuita upeleleze," alisema Bwana Raed. "Mwizi ninaye. Amekiri. Nimekuita uthibitishe, ili polisi wakija wakute kazi imekwisha."

"Kama imekwisha, bwana, nithibitishe nini?"

"Kwamba imekwisha."

Mwanamkasi alivuta pumzi, akaiachia taratibu. Walikuwa kwenye chumba cha makumbusho cha Raed, ndani ya nyumba yake ya Al Warqa. Mjordani huyu mrefu alikuwa ametoka Amman jana, na uso wake ulionyesha kwamba tangu arudi hajalala. Ukutani palikuwa na makabati mawili ya vioo. La kulia lilijaa rili za kuvulia samaki, vile vigurudumu vya kuzungushia uzi vinavyofungwa kwenye fimbo: za shaba, za mti, nyingine zimezeeka kuliko babu zake Raed. La kushoto lilikuwa na mambo ya bunduki za kale: pembe za kuwekea baruti, makopo ya mafuta, beji za vikosi vilivyokwisha kuvunjwa, picha za askari wenye masharubu. Kulia, juu ya kitambaa cha mahameli, palikuwa na duara tupu jeusi mahali ilipokaa rili. Kushoto palikuwa na ndoano tupu.

"Rili ya Uskochi," Raed alisema, akionyesha duara. Kisha akaonyesha ndoano. "Na mkanda wa ngozi wa askari, na risasi zake zote kwenye vifuko. Risasi zenyewe zimetolewa baruti, lakini waeleze hivyo polisi wakishasikia hii."

Akampa karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa vizuri, na chini yake jina la Caren, msimamizi wa nyumba. Alhamisi, dereva Nassor alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa nyumba, kwa kukosea, kisha akaufuta. Caren aliwahi kuusikia. Karatasi ilisema: bunduki ninayo, iko chini ya kiti. Nimechukua mkanda na risasi zote, ili tuijaribu. Mzee asijue.

"Tuijaribu kwa nani?" Raed alisema. "Mzee ni mimi. Niambie wewe, wataijaribu kwa nani?"

"Bunduki hii imetoka wapi? Humu ndani sioni bunduki."

"Sinunui bunduki. Nakusanya vitu vyake tu, bunduki ina vibali na mashaka. Ndiyo maana naogopa. Ameinunua nje."

"Na rili, mbona karatasi haiisemi?"

"Mama," Raed alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuelewesha, "mtu ana bunduki na risasi zangu, wewe unaniuliza habari ya rili. Naswali Alasiri, nikitoka msikitini napiga simu polisi. Khalas."

Mwanamkasi alitazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa imeshapita, ameiswali kwenye gari la kampuni kiti kikiwa kimelazwa. Kutoka sasa hadi Alasiri si kitu. Na kijana akishachukuliwa kwa neno bunduki, hata akija kuonekana hana kosa, itakuwa ni baada ya muda ambao hakuna atakayemrudishia.

* * *

Caren alikuwa jikoni, amesimama wima kama askari wa zamu, simu mbili mkononi. Mwanamke wa Kitale, nadhifu, mwenye kupenda kazi yake.

"Hiyo sauti ninataka kuisikia mwenyewe," Mwanamkasi alisema.

"Ilifutwa, madam. Si nimetranslate?"

"Umetafsiri. Nataka maneno yake kwa Kiswahili."

"Alisema ako na bunduki, na mkanda, na risasi."

"Alisema hivyo hivyo? Bunduki, mkanda, risasi?"

"Si ndio nakuambia."

"Caren, mwanangu, sikiliza. Sitaki alichomaanisha. Nataka alivyosema."

"Sasa hiyo si ni kitu moja?" Caren aliweka simu mezani. "Mimi Mkenya, yeye Mkenya. Nitashindwa aje kuelewa Mkenya mwenzangu? Au Kiswahili ni chenu pekee yenu Watanzania?"

"Hapana, ni chetu sote. Ndiyo maana nauliza."

"Basi nimekujibu. Sir alikuwa Amman, nikampigia hiyo Alhamisi jioni, nikamsomea. Akasema nimnyang'anye Nassor funguo za gari na simu, akae kwa room yake asitoke. Nikafanya. Ijumaa sir akamtuma Mister Mubin akuje aangalie kabati. Mister Mubin akaangalia, akaambia sir mkanda haiko. Nini ingine unataka?"

Mubin ni mfanyabiashara wa vitu vya kale, ndiye aliyemnunulia Raed nusu ya vilivyomo kwenye makabati yale, na alikuwa na ufunguo wake.

"Na wewe Ijumaa ulikuwepo alipoangalia?"

"Ijumaa mimi huwa church mpaka jioni. Na ufunguo ya spare ilikuwa kwa handbag yangu, kabla uniulize."

Mwanamkasi akaomba kuonana na Nassor. Caren akamwambia sir ametoa ruhusa ya dakika chache tu. Mwanamkasi akasema Mungu amlipe sir kheri, na hakusema kwa moyo mweupe.

* * *

Chumba cha dereva kilikuwa nyuma ya gereji. Nassor alikuwa amekaa kitandani na msala umekunjwa pembeni yake. Ni mtu wa Shimoni, kabla ya Dubai alikuwa baharia wa boti za wageni wanaovua kwa starehe. Alisimama alipomwona mama mtu mzima, akampa kiti.

"Umechukua?" Mwanamkasi aliuliza.

"Nimechukua. Nishawambia. Sir kaniuliza kwa simu, did you take it, nikasema yes sir, sorry sir."

"Umechukua nini?"

"Si hiyo mashini."

Miaka yote ya upolisi wake, kila jambazi aliyekaa mbele yake bunduki aliiita mashine. Hakuna aliyewahi kuiita bunduki.

"Iko wapi?"

"Iko salama, mama. Lakini nikitaja ilipo kuna mtu atafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Nipeni fursa niirudishe mwenyewe."

"Risasi je?"

"Zipo. Nilizichukua zote."

"Za nini zote?"

"Za kujaribia. Utaijaribu vipi bila risasi?"

Alikuwa akijibu kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya. Mwanamkasi alimtazama machoni, na macho yalikuwa ya mtu mwenye haya, si mwenye hila. Hilo nalo likamuudhi. Ni afadhali mwongo, mwongo unajua umshike wapi.

"Kuvunja sikukusudia," Nassor aliongeza kwa sauti ya chini. "Wallahi sikukusudia. Nilipoushika nikageuza kwa nguvu, mkono wake ukavunjika."

"Mkono wa nani?"

"Si wake."

"Nassor, umemvunja mtu mkono?"

"Mtu gani tena, mama?"

"Nakuuliza wewe. Na mkanda umeuweka wapi?"

Kwa mara ya kwanza Nassor akakunja uso. "Mkanda upi?"

"Mkanda wa ngozi, wa mzee, wa kabatini. Usinifanye mtoto."

"Huo siujui. Mimi nasafisha kabati la kulia tu, la kushoto siligusi, sir mwenyewe kanikataza. Mkanda siujui kabisa."

"Umekiri mashine, umekiri risasi, sasa unaruka mkanda?"

"Nimekiri nilichofanya. Mengine muulize aliyeyatunga."

Caren akagonga mlango. Dakika zilikuwa zimekwisha.

Mwanamkasi alitoka kichwa kikimgonga. Kwenye karatasi kulikuwa na bunduki, mkanda na risasi. Mtu akikubali bunduki amekubali kifungo. Sasa kwa nini akatae kipande cha ngozi, ambacho ndicho chepesi kuliko vyote? Mwongo huficha kikubwa akatoa kidogo. Huyu katoa kikubwa, kidogo ndicho anachokikataa katakata.

* * *

"Gari mmelipekua?"

"Lipekuliwe ya nini?" Caren alisema. "Alishakubali."

Mwanamkasi aliomba funguo, akapewa kwa mikono miwili na shingo upande. Karatasi ilisema chini ya kiti, na tangu Alhamisi hakuna mtu humu ndani aliyeona ni muhimu kuinama akatazama chini ya kiti.

Akainama yeye, magoti yakilalamika. Chini ya kiti cha dereva palikuwa na kitambaa chenye grisi, na ndani ya mkunjo wake kitu kidogo kizito kikadondokea kwenye zulia. Alikiokota akakiweka kwenye kiganja. Cha rangi ya majivu, umbo la kokwa ya tende, na katikati kina tundu lililopita upande hadi upande.

Akakishika hivyo kwa muda, akautazama mwanga kupitia kwenye tundu.

Risasi ya bunduki haina tundu katikati. Ikiwa nalo itapigwaje? Tundu ni la kupitishia uzi. Hiki kilikuwa kipande cha risasi ile nyingine, madini, kinachofungwa karibu na ndoana ili chambo kizame. Vitabuni kinaitwa chubwi. Lakini Pangani mvuvi akienda dukani husema nipe risasi, akapewa risasi, na hakuna anayekimbilia polisi.

"Astaghfirullah," Mwanamkasi alisema peke yake ndani ya gari.

Mashini ya baharia wa boti za wageni si mashine ya jambazi. Na mkono uliovunjika si wa mtu, ni ule wa kuzungushia. Rili ina mkono. Aliuliza mkono wa nani, akajibiwa wake, naye akaenda kumtafuta majeruhi. Hilo alijilaumu mwenyewe, hakuwa na wa kumsukumia.

Lakini mkanda ulikuwa bado haumo. Hata akiigeuza bunduki ikawa rili, mkanda wa askari ulikuwa haupo ndoanoni.

Akawasha ramani ya gari. Safari ya mwisho, Alhamisi mchana: Ras Al Khor.

* * *

Ras Al Khor ni vumbi la chuma na magari yaliyochinjwa, milango huku, injini kule. Dereva wa kampuni alimshusha mbele ya karakana ileile iliyokuwa kwenye ramani. Aliyetoka ni Mganda mmoja mpana, mikono myeusi kwa oili, kitambulisho cha kazi kifuani kimeandikwa Yowasi.

"Natafuta mashini ya Nassor."

"Nassor gani, nyabo? Hapa kuna ma-Nassor mingi."

"Wa Shimoni. Aliyeleta mashini iliyovunjika mkono."

"Hapana. Hapa tunatengeneza gearbox tu ya Land Cruiser."

"Yowasi, baba, leo nimeshajibiwa hivyo tangu adhuhuri na watu wenye nyumba nzuri kuliko hii. Bosi wako simjui wala simtafuti. Kijana yule yuko chumbani amefungiwa, na Alasiri ikipita anakwenda polisi kwa kesi ya bunduki."

Yowasi akamtazama. "Bunduki? Nassor?"

"Nassor."

"Huyo anaogopa hata mende." Akageuka akachungulia ofisini, bosi hayupo. Akaenda kwenye meza yake ya nyuma, akavuta gunia. Chini yake, imebanwa kwenye jiriwa na kufunikwa kitambaa safi, palikuwa na rili ya shaba iking'aa kama ya juzi. Mkono wake ulikuwa mpya, umechongwa ukafanana na wa zamani hata huwezi kujua. Pembeni kulikuwa na chupa iliyozungushiwa uzi wa hariri wa kijani, na kikopo cha risasi za kuvulia, zote zenye matundu.

"Alikuja analia," Yowasi alisema. "Kazi kidogo, lakini mashine ya bosi siruhusiwi kutumia kwa kazi yangu. Ndiyo maana nimekuambia gearbox."

"Hii chupa ni ya nini?"

"Ni uzi yake. Alisema lazima turudishe, tufunge uzito, tuzungushe, tuone kama mkono inavumilia. Akasema atarudi jioni." Yowasi alifuta mikono. "Jioni hakurudi. Nikasema labda bosi yake amemkamata. Kumbe ni kweli."

Mwanamkasi aliichukua rili akaifunga kwenye kanga yake. Yowasi akamuuliza kama jina lake litatajwa. Akamwambia litatajwa kama fundi aliyetengeneza kitu kikapona, na karakana haitatajwa. Akaridhika nusu.

* * *

Alirudi Al Warqa akaingia kwa mlango wa nyuma. Amne alikuwa anaanika mashuka uani, msichana wa kazi kutoka Kondoa, mwembamba, aliyekuwa amemtazama Mwanamkasi tangu alipofika bila kusema neno.

"Mwanangu, wewe umo kwenye lile kundi la WhatsApp?"

"Nimo, mama."

"Ile sauti ya Nassor uliisikia?"

"Niliisikia. Sikuielewa vizuri. Mimi mtu wa Kondoa, bahari nimeiona nikiwa kwenye ndege."

"Mambo ya bahari umejuaje kama hukuielewa?"

Amne akashika shuka. "Kwa sababu yeye akiongea huwa ni bahari tu."

"Na ilivyofutwa, ndiyo imepotea?"

"Niliisikiliza mara mbili. Nikamtumia dada yangu Ajman anifafanulie, maana yeye ameolewa na mtu wa Mrima, wa pwani. Kwake bado ipo." Akasita. "Lakini madam Caren alituambia tusiseme kitu. Na hamna aliyeniuliza."

Mwanamkasi alifumba macho, akasoma kimoyomoyo anachosoma mtu anapotaka kupaza sauti na hataki. "Nakuuliza mimi. Mwambie dada akurudishie sasa hivi."

Ikarudi. Sauti ya Nassor ilitoka kwenye simu, yenye haraka, na honi za magari nyuma yake: "Kaka, mashini ninayo, i chini ya kiti. Nimechukua na mshipi wake na risasi zote, ili tukishaimaliza tuijaribu. Mzee asijue."

Mwanamkasi akaomba isikilizwe tena.

Mshipi. Alisema mshipi, hakusema mkanda. Kwa mtu wa Kitale mshipi ni ule unaofunga suruali, ndivyo alivyofundishwa shule, na alipoona anazungumza na Mtanzania akamgeuzia akasema mkanda, ili amsaidie. Kwa mtu wa Shimoni mshipi ni uzi wa kuvulia, hauna maana nyingine. Mshipi wake, yaani wa mashini. Ule wa kijani kwenye chupa.

Basi mkanda wa ngozi haukuwemo kabisa kwenye ujumbe ule. Uliingizwa Alhamisi jioni na Caren, kwa nia njema, akausoma kwa simu hadi Amman. Na Ijumaa mkanda ukawa haupo.

"Amne, hilo kabati la kushoto, mara ya mwisho umeliona lini na mkanda?"

Amne akatazama nyuma yake kwanza. "Tumekatazwa kujipiga picha ndani."

"Sikuulizi ya kukatazwa."

Akafungua simu. Ilikuwa video fupi: Amne na dera jipya la Ijumaa, anazunguka, anampungia dada yake mkono. Nyuma ya kichwa chake, wazi kabisa ndani ya kioo, mkanda ulining'inia kwenye ndoano na risasi zake zimejipanga. Juu palikuwa na siku na saa. Ijumaa, kabla ya watu kwenda msikitini.

"Mubin alikuja saa ngapi siku hiyo?"

"Baada ya sala. Mimi ndiye niliyemfungulia."

Adhana ya Alasiri ikaanza. Mwanamkasi akamwomba Amne msala, akaswali palepale uani kati ya mashuka, na hakuiharakisha.

* * *

Raed alirudi kutoka msikitini simu iko mkononi. Chumbani alimkuta Mwanamkasi, Caren, na Nassor aliyesimama karibu na mlango. Mubin naye alikuwa amefika, Raed alikuwa amemwita aje awe shahidi: mtu wa makamo anayenukia udi, mikono imekunjwa.

"Kabla hujapiga, bwana," Mwanamkasi alisema, akafungua kanga.

Rili ikawaka juu ya meza. Raed alisahau simu. Aliinyanyua kwa vidole viwili viwili, akazungusha mkono, ukaimba.

"Alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo fundi. Ilivunjika mkono wakati Nassor anaisafisha, akaona haya, akaipeleka itengenezwe. Kosa lake ni hilo, na amelikiri tangu siku ya kwanza. Ulimuuliza did you take it. Hukumuuliza it ni nini."

"Na bunduki?"

"Unaishika."

Akawasha sauti ya Nassor. Kisha akaeleza kwa Kiingereza, neno moja moja, mashini, mshipi, risasi, akaweka mezani kile kipande chenye tundu. Alipofika kwenye mshipi hakumtazama Caren, akazungumza kana kwamba kosa lilikuwa la hewa tu. Caren alikuwa anatazama sakafu.

"Kwetu mshipi ni belt," alisema mwishowe, polepole. "Ni belt. Mwalimu alitufunza hivyo."

"Ni belt. Kwenu ni belt."

"Ngai," Caren alisema. "Kumbe angesema tu uzi."

"Ungeniuliza," Nassor alisema kutoka mlangoni. Ndilo neno lake la kwanza.

Raed akainua mkono. "Sawa, sawa. Lakini mkanda haupo. Huo ni ukweli, si lugha."

"Ni ukweli. Ila Alhamisi karatasi iliposema umeibwa, ulikuwa bado haujaibwa." Mwanamkasi akaweka simu ya Amne mezani, video ikacheza. "Huu ni Ijumaa, kabla ya sala. Nassor yuko chumbani, hana funguo. Wewe uko Amman. Caren yuko kanisani, ufunguo uko kwake. Baada ya sala alikuja mtu mmoja aliyekuwa ameshasikia kwamba mkanda umeibwa, akaukuta upo."

Mubin alikunjua mikono, akatoa tasbihi mfukoni, akairudisha.

"Niliutoa kuuhifadhi," alisema. "Nilitaka kukuambia, habibi. Ngozi ilikuwa inakauka. Uko dukani."

"Ulinipigia ukasema haupo," Raed alisema.

"Pale ndoanoni haukuwepo. Hilo si uongo."

Mwanamkasi akamgeukia Raed, akangoja. Mtu aliyekuwa tayari kumpeleka dereva polisi kwa neno moja la kutafsiriwa, sasa ana mtu mbele yake aliyesema kwa kinywa chake mwenyewe. Simu ilikuwa bado mkononi mwake.

Raed aliitazama, kisha akaiweka mfukoni.

"Tutaongea, Mubin. Kesho, tunywe kahawa, unieleze." Akapiga makofi mara moja kama mtu anayefunga duka. "Khalas, al-hamdulillah, jambo limekwisha. Caren, mpe Nassor simu yake na funguo za gari. Nassor, yalla, washa gari, kamchukue mke wangu saluni, tumeshamchelewesha."

Caren akatoa simu na funguo, akavinyoosha bila kuinua macho. "Pole," alimwambia Nassor, kwa sauti ya chini. Hilo lilikuwa neno ambalo hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria.

Nassor alipokea vyote viwili. Simu akaitia mfukoni. Akaenda kwenye kabati la kulia, ambalo lilikuwa wazi, akachukua rili mezani akautazama ule mkono mpya, akauzungusha mara moja. Akairudisha mezani, mbele ya Raed, taratibu kama inavyotakiwa. Halafu funguo za gari akaziweka kabatini, juu ya mahameli, katikati ya lile duara jeusi.

"Nassor," Raed alisema. "Nassor, nazungumza na wewe. Madam anangoja."

Nassor akavuta mlango wa kioo ukafunga. Akamwinamia Mwanamkasi kidogo, kama kijana anavyomwinamia mama, akapita kati ya Mubin na Caren, akatoka.